Mshumaa wa Nyumbani Usiowaka Vizuri: Jinsi ya Kutafuta Kosa na Kulirekebisha, Hatua kwa Hatua

Umeyeyusha nta, ukaimimina, ukangoja igande, ukawasha. Kwa dakika ishirini za mwanzo mwali ulipendeza. Kisha ukaanza kusinyaa, ukawa mdogo kama punje ya mtama, utambi ukazama kwenye nta iliyoyeyuka na moto ukazimika. Au mambo yakawa kinyume chake: mwali ukarefuka na kuchezacheza, moshi mweusi ukapanda, na mdomo wa bilauri ukapakwa masizi.

Anayeanza akiona hivyo hubadilisha kila kitu kwa mpigo: nta nyingine, utambi mwingine, chombo kingine. Mshumaa wa pili ukiwaka vizuri, hajui kilichosaidia. Ukiwaka vibaya, hajui kilichoharibu. Nami nilianza hivyo, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba karibu kila kosa la mshumaa linaonekana kwenye mwali wenyewe, mradi mtu akae na kuutazama. Tatizo huwa moja kati ya mawili: mshumaa una njaa, au umevimbiwa. Ukishajua ni lipi, unabadilisha kitu kimoja tu.

Kinachowaka ni mvuke

Wengi hudhani utambi ndio unaowaka na nta ipo kuushikilia tu. Sivyo. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo chini yake. Nta hiyo ya maji hupanda kwenye nyuzi za utambi, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Ikifika juu, penye joto kali, hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaokutana na hewa na kushika moto. Utambi ni mfereji.

Ukitaka kuliona hili, acha mshumaa uwake dakika kumi, uuzime kwa pumzi moja fupi, kisha usogeze njiti inayowaka kwenye uzi wa moshi mweupe, sentimita moja au mbili juu ya utambi. Moto utaruka na kushuka wenyewe hadi kwenye utambi, kwa kuwa moshi ule ni mvuke wa nta uliopoa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana jaribio hilo jijini London mwaka 1860, na mpaka leo sijaona njia bora ya kulieleza jambo hili.

Mwali mzuri basi hutegemea mambo matatu yanayopatana: nta inayoyeyuka, nta inayopandishwa na utambi, na hewa inayofika. Utambi ukipandisha nta kidogo mno, mwali hubaki mdogo na joto lake halitoshi kuyeyusha nta ya pembeni. Hiyo ndiyo njaa. Utambi ukipandisha nta nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuiunguza, kaboni hubaki bila kuteketea na hutoka kama masizi. Huko ndiko kuvimbiwa. Ile rangi ya manjano ya mwali ni chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto. Mwali ulio sawa huziteketeza kabla hazijafika nchani, na mwali uliovimbiwa huziachia zikatoka.

Utendee mshumaa haki kabla ya kuuhukumu

Mishumaa mingi inayolaumiwa haina kosa lolote. Imewashwa mapema mno, au mahali pabaya, au imezimwa haraka. Kwa hiyo anza kwa kukagua mambo manne.

La kwanza ni umri. Nta huendelea kujipanga na kukaza ndani hata baada ya uso wake kuonekana umeganda. Mshumaa wa nta ya parafini upe siku mbili au tatu. Wa nta ya soya upe wiki moja hadi mbili, hasa ukiwa na manukato. Ukiuwasha siku ileile, unachokipima ni nta ambayo bado haijatulia.

La pili ni urefu wa utambi. Ukate ubaki milimita 5 au 6 juu ya nta, na ufanye hivyo kila unapowasha, nta ikiwa imepoa. Kipimo hiki ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tumia rula mara chache za mwanzo mpaka jicho lizoee.

La tatu ni upepo. Feni au dirisha lililo wazi huinamisha mwali upande mmoja, nta ikayeyuka upande huo tu, na masizi yakatokea hata kwenye mshumaa uliotengenezwa vyema. Zima njiti ya kiberiti mahali unapotaka kuuweka mshumaa. Moshi ukipanda wima, mahali hapo panafaa.

La nne ni muda, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kanuni ya kukisia ni saa moja kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo. Bilauri yenye kipenyo cha sentimita 7.5 inahitaji kama saa tatu ili dimbwi la nta iliyoyeyuka lifike ukingoni. Ukizima baada ya nusu saa, unaacha pete ya nta ngumu pembeni. Mara ya pili mwali unaanza ukiwa ndani ya kishimo, umezungukwa na ukuta, nta yote iliyoyeyuka inakusanyika kuuzunguka utambi, na kishimo kinazidi kuchimbika. Kuwasha kwa mara ya kwanza huamua sehemu kubwa ya maisha ya mshumaa, kwa hiyo usiwashe kabisa kama huna nafasi ya kukaa nao.

Yote manne yakiwa sawa na tatizo likabaki, fanya jaribio rasmi:

1. Pima uzito wa mshumaa kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, uandike.
2. Washa, uandike saa. Weka mshumaa juu ya sahani isiyoungua, mbali na pazia na karatasi, na usiondoke chumbani.
3. Kila nusu saa andika mambo matatu: urefu wa mwali, upana wa dimbwi, na kama kuna moshi au donge kwenye ncha ya utambi. Mstari mmoja unatosha.
4. Zima baada ya saa nne. Chomeka kijiti kikavu karibu na ukingo uone kina cha dimbwi.
5. Nta ikiganda kabisa, pima uzito tena. Gawanya gramu zilizopungua kwa saa ulizowasha. Namba hiyo itakusaidia sana baadaye, kwa sababu inakwambia kwa kila saa mshumaa wako unakula kiasi gani.

Unachotafuta ni mwali uliotulia, dimbwi lililofika ukingoni au likakaribia, na kina cha kati ya milimita 6 na 12. Utando mwembamba wa nta ukibaki kwenye ukuta wa chombo siku ya kwanza, usihangaike nao. Mshumaa unavyoshuka, kuta za chombo hushika joto zaidi na utando ule huyeyuka wenyewe. Wanaoongeza unene wa utambi kwa sababu ya utando huo huishia na mshumaa unaotoa moshi ukifika katikati, na nimeona kosa hili likirudiwa mara nyingi.

Mshumaa wenye njaa

Dalili ni mwali mdogo, shimo refu linalochimbika katikati huku nta ya pembeni ikibaki ngumu, au utambi unaozama na kuzimika. Kwa macho dalili hizi zinafanana, ila chanzo kinatofautiana, na kinachozitenganisha ni wakati. Angalia mwali ulianza kufifia dakika ya ngapi.

Ukifa ndani ya dakika moja au mbili

Nta ya dimbwi haijawa na muda wa kufanya lolote, kwa hiyo kosa limo kwenye utambi wenyewe.

Huenda umeukata mno. Utambi wa milimita mbili huzama mara tu tone la kwanza linapoyeyuka.

Huenda hukuunywesha nta. Utambi mkavu una hewa katikati ya nyuzi. Unapouwasha, pamba huungua haraka kabla nta haijapanda, na kinachobaki ni kaa jeusi lisilofyonza. Dawa ni kuutumbukiza utambi kwenye nta iliyoyeyuka mpaka mapovu yaache kutoka, kuuvuta, kuunyoosha ukiwa bado na joto, na kuulaza juu ya karatasi ukauke. Kazi hii haifiki dakika kumi, na kuiruka ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika mishumaa ya wanaoanza.

Na huenda uzi si pamba. Uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka, haufyonzi. Choma ncha ya uzi unaoutilia shaka: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopukutika, ilhali uzi wa kiwandani hujikunja na kuacha kishanga kigumu. Ukiona kishanga, uweke uzi huo kando.

Ukififia polepole, saa moja au mbili baada ya kuwaka vizuri

Hapa mfereji unaziba. Mwanzoni utambi ulipandisha nta bila shida, kisha kitu kilichomo ndani ya nta kikajikusanya kwenye nyuzi. Jiulize ulitia nini.

Krayoni za watoto ndizo zinazoongoza. Rangi yake ni unga usioyeyuka kwenye nta, na unga huo hupanda na kukwama. Hali ni hiyohiyo kwa rangi ya ukutani, rangi ya chakula, vumbi la kumetameta na maua makavu yaliyosagwa. Maua makavu yana hatari nyingine: yakisogea hadi kwenye mwali hushika moto na kuwa tambi za ziada. Kwa mshumaa utakaowashwa, tumia rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, tena kidogo.

Manukato yakizidi nayo huziba. Anza na asilimia 6 ya uzito wa nta. Kwa gramu 200 za nta, hiyo ni gramu 12. Usikadirie kwa vijiko, kwa sababu mafuta ya manukato hayana uzito mmoja. Na marashi ya kujipulizia mwilini yasiingie kwenye nta kabisa, kwa kuwa yana alkoholi inayoshika moto haraka na hayachanganyiki na nta.

Kama unatumia nta ya nyuki uliyoikamua mwenyewe kutoka kwenye masega, angalia usafi wake. Mabaki ya asali na takataka za mzinga huziba utambi kwa uhakika. Iyeyushe pamoja na maji mengi ya moto, uiache ipoe bila kuitikisa, kisha uitoe bamba lililoganda juu na kukwangua uchafu uliokaa upande wa chini. Rudia mpaka upande huo utoke safi. Baadaye iyeyushe peke yake, uichuje kwa kitambaa, na uhakikishe imekauka.

Ukitulia lakini ukabaki mdogo

Mwali haufi. Unakaa palepale saa zote nne, umetulia, huku ukichimba shimo. Huu ndio ushahidi wa utambi mwembamba kuliko chombo. Kiini cha tatizo ni hesabu ambayo wengi hawaipigi. Bilauri ya sentimita 8 haina uso mara mbili ya bilauri ya sentimita 4, ina uso mara nne. Utambi uliofaa kile chombo kidogo unatakiwa sasa kuyeyusha eneo lililoongezeka mara nne, na hauwezi. Chombo kikifika sentimita 9 au 10, mara nyingi tambi mbili nyembamba hufanya kazi nzuri kuliko mmoja mnene, kwa sababu hugawa joto pande zote na haziweki moto mkubwa mahali pamoja.

Hapohapo angalia aina ya nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, wakati parafini nyingi za kumimina kwenye vyombo huyeyuka chini ya nyuzijoto 60. Nta ya nyuki ikishayeyuka huwa pia nzito na hupanda utambi kwa shida. Utambi uliofaulu kwenye parafini utaona njaa kwenye nta ya nyuki, ingawa chombo ni kilekile. Ukibadilisha nta, umebadilisha mshumaa mzima, na majaribio yanaanza upya. Najua hili linakatisha tamaa, lakini hakuna njia ya mkato niliyowahi kuiona ikifaulu.

Mshumaa uliovimbiwa

Mwali ni mrefu, haukai, ncha yake inatoa moshi. Chombo kina moto kuliko mkono unavyoweza kukigusa. Dimbwi linafika ukingoni ndani ya saa moja na lina kina kirefu. Kwenye ncha ya utambi kuna donge jeusi kama uyoga. Donge hilo ni kaboni iliyokosa kuteketea.

Usikimbilie kubadilisha utambi. Ukate kwanza kwa kipimo kile cha milimita 5 au 6, ondoa donge lisidondoke kwenye nta, uwashe tena. Mishumaa mingi hupona hapo. Dalili zikirudi ndani ya saa mbili, utambi ni mnene mno, punguza unene wake kwa daraja moja. Moshi ukionekana kwenye chombo chenye mdomo mwembamba peke yake, utambi hauna kosa: hewa haiingii vya kutosha kwa sababu hewa moto inayotoka inaizuia. Chombo cha namna hiyo kitumie kwa maua.

Jambo jingine ni jinsi utambi ulivyotengenezwa. Utambi uliosokotwa kama kamba hujifungua unapowaka, ukawa na nyuzi zilizotawanyika na mwali mkubwa usiotulia. Utambi uliosukwa hujipinda taratibu, ncha yake ikatoka kwenye ukingo wa mwali ambako kuna hewa na joto kali, ikateketea yenyewe. Wazo hilo la kusuka lililetwa na Mfaransa Cambacérès mwaka 1825. Kabla ya hapo watu walikaa na mkasi karibu na mshumaa ili kukata ncha iliyoungua. Kama unatengeneza utambi wako mwenyewe, suka nyuzi tatu za pamba tupu kwa mkazo ulio sawa mwanzo hadi mwisho.

Unaweza pia kuuloweka kabla ya kuunywesha nta. Yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha chumvi na vijiko vikubwa viwili vya boraksi kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto, loweka utambi usiku kucha, kisha uanike siku mbili mpaka ukauke kabisa. Utawaka taratibu zaidi, na ukizimwa hautaendelea kufuka kwa muda mrefu. Boraksi si ya kuliwa, kwa hiyo vyombo ulivyoichanganyia visirudi jikoni na watoto wakae mbali nayo.

Utambi ulionunua ukiwa na waya katikati na hujui ni waya gani, sugua waya huo kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama ya kijivu kama ya penseli, huenda ni madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na utambi huo haufai kuwashwa ndani ya nyumba. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye kiini cha risasi mwaka 2003.

Matatizo mengine

Mshumaa unaotatarika na kurusha cheche una maji ndani yake. Yaliingia kwenye sufuria, au utambi haukukauka, au chombo kilioshwa na kutumiwa kikiwa bado na unyevu. Yeyusha upya, uiache nta iyeyuke polepole mpaka mapovu yaishe, umimine taratibu ukiacha nta ya chini yenye matone ya maji.

Mwali unaobadilika ghafla, mara mkubwa mara mdogo, umekutana na tundu la hewa. Parafini hunywea sana inapoganda, na uwazi hutokea kando ya utambi bila kuonekana kwa juu. Uso ukianza kukaza, toboa matundu mawili matatu karibu na utambi kwa kijiti, kisha ujazie nta kidogo ya moto ya akiba.

Mshumaa wa kusimama wenyewe unaochuruzika upande mmoja una utambi uliopinda, au uko kwenye upepo, au utambi ni mnene na unatoboa ukuta. Kwa mishumaa hii dimbwi halitakiwi kufika ukingoni. Acha ukuta mwembamba wa nta uzuie nta ya ndani isimwagike.

Kutafuta utambi sahihi

Ukishajua kama ni njaa au kuvimbiwa, kazi inayobaki ni kupata unene unaofaa. Usitengeneze mshumaa mmoja kila mara na kungoja wiki nzima. Tengeneza mitatu kwa pamoja, kwa nta ileile, chombo kilekile, kiasi kilekile cha manukato, tofauti ikiwa unene wa utambi tu: ule unaodhani unafaa, mmoja mwembamba zaidi, mmoja mnene zaidi. Andika namba chini ya kila chombo. Wengi hawaandiki, na baada ya wiki hawajui upi ni upi.

Yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria yenye maji, usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Parafini iliyopashwa moto kupita kiasi, karibu na nyuzijoto 200, hutoa mvuke unaoweza kushika moto bila kuguswa na mwali mkubwa. Maji yakichemka hayavuki nyuzijoto 100, kwa hiyo yanakulinda, mradi usiyaache yakaukie. Tumia kipimajoto na uishie kwenye nyuzijoto 80 au 85. Nta ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Usimwagie maji hata kidogo, kwa sababu yatageuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka.

Bandika kibati cha utambi, yaani kile kipande kidogo cha bati kinachoushika kwa chini, katikati ya kitako cha chombo kwa tone la nta, simamisha utambi kwa vijiti viwili vilivyolazwa juu ya mdomo, umimine polepole. Nta ikiganda, hakikisha utambi uko katikati kwa kupima kwa rula pande mbili. Ukiwa umesogea milimita tano, upande mmoja utachelewa kuyeyuka, na utalaumu unene bure.

Baada ya siku za kutulia, washa yote mitatu kwa pamoja, chumba kimoja, mbali kidogo mmoja na mwingine ili joto lisichanganyike. Andika kama nilivyoeleza juu. Kuitazama ikiwa sambamba kunafundisha kuliko maelezo yoyote: utaona mmoja unachimba, mmoja unatoa moshi, na wa katikati umetulia. Usipoona wa katikati, ama yote mitatu inachimba ama yote mitatu inatoa moshi, sogeza madaraja yote mbele au nyuma na urudie.

Kuokoa mshumaa ambao tayari umeharibika

Kwa mshumaa uliochimba shimo, chukua karatasi ya alumini, uizungushe kwenye mdomo wa chombo na kuikunja ndani kama paa lenye tundu katikati la sentimita tatu hivi. Washa na ukae karibu. Joto linalokwama chini ya karatasi litayeyusha nta ya pembeni, na kwa saa moja au mbili uso utakuwa sawa. Toa karatasi kwa koleo, itakuwa ya moto sana. Hii inatibu shimo lililotokana na kuzimwa mapema. Kama chanzo ni utambi mwembamba, shimo litarudi.

Kwa utambi uliozama, uwashe, na dimbwi likitokea uzime na umimine nta kidogo nje kwenye chombo kingine, si kwenye sinki, maana itaganda ndani ya bomba. Acha milimita 5 za utambi zitokeze, uwashe tena.

Na ukiwa na uhakika kwamba utambi haufai, usiutupe mshumaa. Weka chombo ndani ya maji ya moto yasiyochemka, ukikipasha taratibu tangu maji yakiwa vuguvugu ili bilauri isipasuke. Nta ikilainika, vuta utambi na kibati chake, chuja nta kama ina vipande vya kaa, umimine upya juu ya utambi mwingine. Nta haichoki kwa kuyeyushwa mara mbili tatu. Manukato ndiyo yanayopungua.

Theluthi ya mwisho

Usiutangaze utambi kuwa sahihi kabla hujauwasha mshumaa mpaka karibu na mwisho. Moto ukishuka ndani ya chombo kirefu, kuta hushika joto, hewa hupungua, na mshumaa uliokuwa mtulivu kwa siku tatu unaweza kuanza kutoa masizi siku ya nne. Namba ya gramu kwa saa itakuonyesha: ikipanda sana katika theluthi ya mwisho, chagua utambi mwembamba kwa daraja moja, hata kama huko juu utaacha utando kidogo ukutani. Gusa chombo kwa nje wakati wa jaribio hilo. Kisipogusika, mshumaa huo usiupeleke kwa mtu mwingine.

Simamisha kila jaribio nta ikibaki sentimita moja na nusu. Chini ya hapo hakuna nta ya kutosha kukinga kitako cha chombo dhidi ya joto la mwali, na bilauri hupasuka hapo. Nta iliyobaki ikusanye na ukijaze chombo cha jaribio linalofuata.